Ya Muda

Kwanza nilichora jedwali.
Sisi wa usanifu hatuandiki mpango, tunauchora:
safu tano za miezi, rangi nne,
nyekundu ya fomu, buluu ya nauli,
kijani ya masomo ambayo chuo chetu kitayatambua nikirudi,
na kijivu
ya mambo nisiyojua niyaite nini.

Kijivu kilienea kuliko zote.

Gyumri, Februari. Barafu imeshika kioo kwa ndani.
Nimevaa glavu zilizokatwa vidole
ili niweze kubofya kipanya.
Nyuma yangu mama anakunja nguo, hasemi kitu,
ila namsikia anahesabu soksi
kama mtu aliyeshikishwa fedha za mwenzake.

Rotterdam, alisema Profesa Hrachya.
Wana karakana yenye mashine inayokata mbao
kwa unene wa unywele.
Kisha akasema: kazi ishirini ni makelele, peleka nane.
Nikatoa kiti. Nikatoa mabango.
Nikatoa taa ya shaba niliyoipenda
kwa kuwa ilinila kiangazi kizima.
Kukata kunauma, Arpine, akasema, huku akipiga miayo.

Ufadhili hulipwa ukishafika.
Chumba hulipiwa kabla hujafika.
Nilizisoma sentensi hizo mbili mpaka zikawa mlango mmoja
wenye kitasa upande wa ndani tu.
Kaka yangu Smbat, anayeendesha lori huko Voronezh,
akatuma amana ya chumba bila salamu,
na neno moja chini yake:
Chora.

Likabaki swali la tisa.
*Eleza, kwa maneno mia mbili, tatizo unalotaka kulitatua.*
Niliandika kuhusu plastiki. Nikafuta.
Niliandika kuhusu viti vya wazee. Nikafuta,
maana sijawahi kumuuliza mzee yeyote anakaaje.

Mama akauliza, hivi ni muda gani?
Miezi mitano, nikasema. Ni ya muda tu, mama.

Akaliweka shati chini.
Akacheka, akacheka mpaka akaketi kitandani.
Ya muda! Hili sanduku la bati tunamolala
walilishusha kwa winchi baada ya tetemeko,
nina miaka kumi na mmoja, nimeshika mdoli asiye na mguu,
wakatuambia, ni la muda, miaka miwili.
Nimeolewa humu. Nimewazaa humu.
Baba yako alipotoka mara ya mwisho
walimpitisha kiubavu,
jeneza lilikataa ile kona.

Hakuwa akicheka tena, wala hakuwa akilia.
Aliokota shati, akalikunja upya.

Usiku ule nilichukua futi ya kupimia.
Mlango: sentimita sitini na nane.
Kutoka jiko hadi kitanda: hatua tatu, mbili ukiwa na haraka.
Rafu aliyoichomelea baba kwa vyuma vya baiskeli.
Tundu la bomba la moshi, limezibwa kwa kopo la samaki.
Pazia ambalo ni ukuta. Ukuta ambao ni kabati.
Kila kiraka ambacho mkono wa mtu ulikibandika
juu ya kitu ambacho hakikukusudiwa kudumu.
Mama aliamka, akashika ncha ya pili ya futi
bila kuuliza ni ya nini.
Vuta, akasema, imelegea huko kwako.

Nikatoa kazi yangu bora ya mwaka jana
ili kurasa za nyumba zipate nafasi.
Maneno yakaja mia tatu na arobaini. Nikayapunguza,
nikabakiza winchi, nikabakiza kopo la samaki.
Jeneza sikuliandika. Nilichora kona tu, na vipimo vyake.

Leo ni Ijumaa, mwisho ni saa sita usiku.
Jedwali nimelifunga, sijui liko rangi gani.
Faili langu lina mega kumi na moja,
na mlango wao hupitisha kumi.
Mama amelala. Jiko linakohoa.
Nimekaa naligeuza huku na huku,
natafuta ubavu wa kulipitisha.