Hanga

Fundi wa Maweni alitaka elfu moja na mia tano,
na soda.
Nikamwambia, niuzie antena tu, kazi nitaifanya nyumbani.
Akacheka mpaka akaweka spana chini.

Basi Jumamosi, uani kwetu Muyeye,
nimelala chali chini ya madigadi ya pikapu ya baba,
mchanga shingoni, tochi mdomoni.
Nati imeliwa na chumvi,
ina kutu ya rangi ya chai ya mkandaa.
Nimeimwagia mafuta ya taa, nimeitukana, nimeibembeleza;
imelegea ilipotaka yenyewe.

Antena ya kwanza aliivunja mbuzi wa kina Chengo
aliyepanda boneti kufuata majani ya mkwaju.
Baba hakununua nyingine.
Alitoa hanga kabatini, akainyoosha kwa koleo,
akaichomeka pale: "Waya ni waya."
Miaka tisa tukaisikia dunia kwa hanga.
Mpira una mchanga ndani.
Matangazo ya vifo yanakuja vipande vipande:
"… wa Gede … ameacha wajane … mazishi ni …"
Mama anauliza, nani? Nani huyo?
Na baba anaipiga redio kofi
kama mtoto aliyepaliwa.

"Usiuvute huo waya wa zamani hivi hivi,"
mama anasema kutoka kwenye mbuzi
(wa nazi, si yule mhalifu).
"Ufunge uzi mkiani kwanza.
Lastiki ya sketi unaipitishaje?"
Nimefunga uzi wa mshipi.
Mwaringa anavuta huku, mimi nalisha kule,
wa zamani unatoka na vumbi lake,
mpya unaingia nyuma ya dashibodi
mahali ambapo mkono haufiki.
Mpira wa tundu haukutosha. Mvua zikija tutajua.

Nikawasha.
Mtangazaji akasikika kama amekaa kitini.
Jina zima. Ukoo, kijiji, siku ya mazishi, saa.
Mama akaacha kukuna.
"Hatumjui," akasema.
Akakaa kidogo. "Na ile hanga?"

Nimejaribu kuirudishia mabega.
Haiyakumbuki.
Ameichukua hivyo hivyo,
akaitundika msumarini nyuma ya mlango na shati la kaki.
Limelalia upande wa kulia,
kama alivyokuwa akiendesha,
kiwiko nje ya dirisha.