Dakika Kumi na Mbili

Nusu maji, nusu maziwa, chumvi ya vidole viwili,
sufuria ile yenye mpini uliolegea.
Nakata kitunguu cha majani kwa kisu kisichokata
(funguo za mtaa mzima nachonga mimi, kisu cha kwangu butu).
Saa ya ukutani Edilma aliisogeza mbele dakika tano
ili nisichelewe.
Kwa kuwa najua, nachelewa vilevile.

Huku Bogota, mji uliopanda mlimani ukakataa kushuka,
maji yana kiherehere:
huchemka kabla ya moto kuyakolea, yakajitapa kwa mvuke,
na yai likayatazama tu, kama mkwe asiyeridhika na mahari.
Shemeji yangu wa kwenye joto, Barankiya, husema dakika tatu.
Aje apike hapa.
Hapa ni nne na nusu, kifuniko juu,
na usichungulie: ute hauvai shuka lake mbele ya watu.

Changua, ndivyo tunavyouita mchuzi huu
wa watu wenye haraka na baridi.
Chini ya bakuli mkate wa juzi, mgumu kama kauli ya mwenye nyumba;
juu yake maziwa, juu yake yai,
juu kabisa giligilani, kama ipo.
Haraka haraka haina baraka, wanasema.
Wanasema walio na asubuhi ndefu.

Sisi tuna dakika kumi na mbili.
Yeye anatoka kupiga deki wodi ya watoto usiku kucha,
mimi saa kumi na mbili na nusu niwe nimefungua kibanda.
Hapo katikati ndipo ndoa yetu inapokaa, imekunja miguu.

Yaliyobaki tunaandikiana kwenye mayai,
kwa penseli ya kibandani, trei ya thelathini.
GESI INAISHA.
MWALIMU WA YEISON ANATUITA.
Lile langu la Alhamisi: SAMAHANI
(ya nini, sikusema; yai ni dogo).
Ukishasoma unagonga ukingoni mwa sufuria,
neno linapasuka, kiini kinashuka, tunakula.
Barua za wengine zimo kabatini, zimefungwa utepe.
Zetu tumezimeza.

Leo ameingia, ameketi na koti lake mwilini.
Nimemwekea kiini kizima, anavyopenda,
akipasue mwenyewe mwishoni.
Kijiko kikasimama.
"Kitanda cha tisa wamekitandika upya," akasema.
Nikauliza: karudi kwao?

Nimefungua makufuli ya kila aina,
hata kasha la kasisi aliyesahau namba zake.
Na hiki bakulini ndicho kiitwacho kifungua kinywa.
Kinywa kilichokuwa mbele yangu hakikufunguka.
Mvuke ukapungua. Juu ya maziwa pakatanda utando mwembamba.

Nikanyanyuka kutafuta yai la kwangu,
na pembeni mwa trei nikakuta moja lisilo na neno.
Lina uso.
Macho mawili, masharubu ya kusokotwa,
kofia ya wino mwekundu iliyoandama kidogo upande.
Nikamkumbuka yule mtoto wa wodini asiyetaka kula,
aliyesema labda,
labda, kama yai lenyewe lina masharubu.

Nikalipita. Nikachukua la jirani yake,
lililoandikwa SABUNI,
nikalivunja polepole, nisije nikaitikisa trei.

Edilma akachovya mkate. Mara moja.
Baadaye, tena.
Huko mtaani mtu atakuwa amesimama mlangoni pangu
na ufunguo uliovunjika, ananilaani.
Saa ya ukutani inasema nimechelewa dakika kumi na moja.
Ondoa tano.