Kondoo Hawapigi Chafya Hivyo

Mama yake alitaka kitabu chenye faida.
"Cha wanyama wa kweli," alisema, "au cha hesabu,
maana huyu Bárður tangu tuhame haongei,
na miezi ya giza ndiyo hii inabisha hodi."
Nje mvua ya Klaksvík ilinyesha kwa ubavu,
ndiyo desturi yake, haijui kushuka wima.

Nikamtazama mtoto. Miaka tisa, sweta ya babu,
mikono yake imekunjwa ikashikizwa pini.
Kule kisiwani kwao alisoma peke yake:
mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja, kengele moja,
na kengele aliipiga yeye mwenyewe.
Sasa darasani wako ishirini na wawili
na kengele inajipiga.

Mimi Rannvá, mwaka wa thelathini na moja kwenye meza hii,
nimejifunza jambo moja tu:
asiyeongea usimpe kamusi.
Mpe joka lenye mafua.

Nikamwambia, huku mama akikunja uso:
hiki hapa, sura kumi na nne, fupi fupi,
kila moja inakatika mguu mmoja ukiwa hewani,
usingizi ubaki mlangoni ukingoje.
Kuna joka limepoteza moto wake,
likikohoa hutoka mvuke wa birika.
Kuna binti mfalme anayedaiwa soksi na majini saba,
na mguu wa jini, mwanangu, si mguu wa mtu.
Na kuna kondoo mchawi: akipiga chafya
mlima unahamia upande wa pili wa kijiji,
watu wanaamka hawajui jiko liko wapi.

"Na faida yake?"
Faida! Nilikuwa na hotuba, ya miaka mingi,
imekaa kooni kama mwiba wa samaki.
Nikasema tu: "Kurasa mia na arobaini. Atazimaliza."
Akatia sahihi kama mtu
anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wiki tatu. Kitabu kikarudi kinanuka sufu.
Sura ya saba, pambizoni, kwa penseli iliyokandamizwa:
*Kondoo hawapigi chafya hivyo.
Kwanza huinua mguu wa kushoto.*

Nikashika kifutio. Kanuni ni kanuni,
na hizi nimeziandika mimi,
zimebandikwa pale juu ya kikapu cha miavuli.
Nikasoma tena. Mguu wa kushoto.
Nikarudisha kifutio kwenye droo.

Aliyekiazima baadaye ni Turið,
wa nyumba ya bluu nyuma ya kiwanda,
mwenye pengo mbele na maswali pande zote.
Kikarudi na wino wa kijani chini ya penseli:
*Umeona wapi? Apa.*
Na wiki iliyofuata, penseli:
*Naapa. Njoo Jumamosi. Tunaye mmoja ana mafua.*

Sijui Jumamosi hiyo kulitokea nini.
Najua Jumatatu waliingia wawili, matope hadi magotini,
wakibishana kwa sauti iliyovunja kanuni ya kwanza,
na sikuinua kichwa.

Mama alikuja peke yake, siku ya ukungu,
akajifanya anatafuta mapishi.
Akashika kitabu kile, akakipapasa jalada.
"Ile milima," akauliza polepole,
"mwishowe inarudi mahali pake?"
Nikamwambia: "Baadhi."
Akakaa palepale, koti halijavuliwa,
akaanza sura ya kwanza.

Basi wazazi wakiniuliza nimpe mtoto kipi,
siwaulizi umri. Nauliza: anacheka lini?
Wengine hujibu upesi.
Wengine hutazama viatu vyao.

Pambizo sasa zimejaa, rangi sita za wino,
mtu amechora hata soksi ya jini, kurasa mbili nzima.
Nikaagiza nakala ya pili, kwa heshima ya kanuni.
Imekaa rafuni, safi, kingo tupu.
Watoto wanaifungua, wanaipekua,
wanairudisha.
"Hii," wananiambia, "haijaisha."