Viatu vya Zamu ya Usiku

Saa nane kasorobo mlango wa bweni unalia kidogo
na mimi nisiyelala najifanya nimelala.
Ni Mbelwa. Miaka kumi na minne, miguu mitupu,
anakuja kukagua kandambili zangu.

Hanigusi. Haombi maji.
Anachuchumaa kizingitini, anazipapasa,
ya kulia, ya kushoto,
kama mtu anayebonyeza nyanya sokoni,
kisha anarudi kitandani
na chaga zinasema: amerudi.

Mara nne kwa usiku. Tano, mvua ikinyesha.

Jalada lake lina kurasa mbili na picha ya pasipoti.
Afisa ustawi aliandika: "Alikutwa Mombo, stendi, peke yake."
Akaandika: "Hana tatizo lolote."
Mtoto asiyelia, asiyevunja sahani,
kwenye makaratasi yetu huitwa mtoto mzuri.

Mengine niliyapata kwa vipande
siku tukichambua mchele:
kwamba kulikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya godauni la mkonge,
kwamba mama yake alivua viatu mlangoni kila jioni,
kwamba asubuhi moja aliamka mlango uko wazi,
jua limeshafika kwenye mkeka,
na pale vilipokaa viatu
pana alama mbili safi katikati ya vumbi.
Alisema "alama mbili",
akaokota kijiwe ndani ya ungo,
akakiweka kando taratibu, kama jino.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Sawa.
Ila waliosema hawakusema habari ya kulea kwa zamu:
mimi Jumatatu hadi Ijumaa, Bi Mwanamkasi wikendi,
na vijana wa kujitolea, miezi mitatu mitatu,
wanaowasuka wasichana, wanaolia wakiondoka,
sisi tukabaki na vichwa vya kufumua.

Wageni wakija na sukari na kamera
Mbelwa huwekwa mstari wa mbele, ana meno mazuri.
Anaimba. Anashukuru.
Usiku ule hukojoa kitandani,
na alfajiri nakuta shuka limeshafuliwa,
limeanikwa nyuma ya tangi, pasipoonekana.

Nilimdanganya mara moja.
Siku ya mapumziko niliacha kandambili kuukuu mlangoni,
nikapanda baiskeli toka Pongwe hadi kwangu Makorora,
nikalala kama gogo.
Niliporudi nilizikuta jalalani.
"Zile hazikuwa na mtu," alisema. "Zilikuwa baridi."

Tangu hapo naandika kwa chaki nyuma ya mlango:
NAONDOKA IJUMAA.
NARUDI JUMATATU, SAA KUMI NA MBILI JIONI.
Mratibu aliniuliza tiba hii nimeisomea wapi.
Sijaisomea. Daktari wa akili yuko mjini,
kadi yetu ni ya tarehe kumi na tisa mwezi ujao,
na usiku ni leo.

Jumatatu iliyopita maji yalikata barabara.
Nilifika saa tatu, nimeloa hadi mifupani, nasukuma baiskeli.
Sahani yake imefunikwa, haijaguswa.
Yeye amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kando ya yale maandishi.
Nikaangalia mlango.
Alikuwa ameifuta saa kwa kidole.
Siku ameiacha.

Hakuniuliza kitu. Alizichukua kandambili zangu,
akazisuuza tope bombani,
akazipanga kizingitini, ncha zikitazama ndani.
Kisha, akiwa amenipa mgongo:
"Mama Hoza,
kamba ya kushoto inataka kukatika."