Kielelezo Namba Tatu

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa,
si yaliyomezwa.
Miaka kumi na saba nimekaa pembeni mwa meza hii
ya baraza la mji wetu mdogo, kusini mwa Polandi,
kando ya dirisha linalopitisha baridi,
nikiwageuza watu kuwa aya.

Alhamisi, mwezi wa pili. Nje theluji imeingia masizi.
Akidi imetimia. Diwani mmoja anakohoa, mwingine
anamenya chungwa chini ya meza, na harufu yake
inazurura ukumbini bila kibali.

Ajenda ya sita: bustani za reli,
vishamba mia moja na kumi na viwili nyuma ya karakana,
walivyogawiwa mafundi wa treni baada ya vita.
Waraka unaviita "ardhi isiyotumika".
Ni mimi niliyeupiga chapa. Sikukosea hata herufi.

Mhandisi wa kampuni anafungua ramani.
Mitofaa haimo. Vibanda havimo, wala mapipa ya mvua.
Mna miraba sita ya kijivu, na watu wadogo wa kuchorwa
wanaotembea bila vivuli, kila mmoja na mbwa wake.
Kampuni, anasema, itatulipia bomba jipya la maji taka,
na basi namba nane litafika hadi mlangoni.

Basi namba nane!
Kabatini mwangu mna barua ishirini na tisa
za watu wa bustani wakiliomba basi hilo,
na majibu ishirini na tisa, sahihi yangu chini:
"Bajeti hairuhusu."

Akanyanyuka Damian Wrzos, dereva wa winchi,
pacha mmoja begani, wa pili yuko nyumbani na homa.
"Tunalala wanne chumba kimoja," akasema,
"na ukuta una ukungu. Mnisamehe, kina mama.
Nyanya zenu tamu, nimezila,
lakini mwanangu hawezi kulala ndani ya nyanya."
Hakuna aliyecheka.
Nimeandika: mkazi aliunga mkono hoja.

Kisha Genowefa Szulc, kishamba namba arobaini na saba,
umri themanini na moja, kofia ya sufu hakuivua.
Alipewa dakika tatu. Hakusema neno.
Alitoa mkobani mtungi wa kioo: matango ya chumvi,
shibiti, kitunguu saumu, jani la mcheri,
akauweka juu ya ramani, pale pale pa arobaini na saba,
akakaa.
Dakika tatu ni ndefu mno ukizisikiliza.
Mwenyekiti aliitazama saa. Mhandisi aliutazama mtungi
kama mtu aliyeletewa deni la babu yake.

Kura: kumi na moja ndiyo, tisa hapana,
mmoja hakuegemea popote (yule wa chungwa).
Ajenda ya saba: taa ya kituo cha basi, Mtaa wa Wafumaji.
Ikapita bila mjadala.

Usiku nikabaki peke yangu na mtungi.
Kanuni ya kumi na nne yasema: chochote kiwekwacho mezani
na mzungumzaji katika zamu yake
ni sehemu ya kumbukumbu, kitunzwe miaka hamsini.
Waliotunga kanuni hawakuwazia chumvi.
Basi nikaandika, kwa mwandiko wangu ulio bora:
Kielelezo namba tatu. Mtungi mmoja. Umejaa.
Nikabandika muhuri wa mji kifunikoni,
nikaupanga baina ya bajeti na barua za basi.

Theluji ilipoyeyuka, tingatinga likaingia.
Damian alisimama ng'ambo ya uzio akihesabu madirisha
hewani, kuta zikiwa bado hazijazaliwa,
akamwonyesha mtoto moja: lile, lile pale.
Nami kila nifunguapo kabati
naona kifuniko kimepanda ukucha mmoja.
Kitu kinachacha humo, taratibu, bila moto,
na muhuri umeanza kupasuka ukingoni.

Faili la bajeti la mwaka huu linanuka shibiti.
Mpaka leo hakuna diwani aliyeuliza.