Mtihani wa Chumvi

Neli ya tisa imebaki nyekundu.
Siandiki bado.

Jana nane ziligeuka, moja baada ya nyingine,
kutoka wekundu wa rozela
hadi zambarau, hadi kijivu cha anga la Sikonge
wiki mvua inapoanza.
Dhahabu ilikimbiliana yenyewe kwa yenyewe, ikagandana,
na kingamwili zangu zikabaki zinaelea,
wageni waliokosa mwenyeji.

Huenda kosa lilikuwa maji. Au umeme uliokatika saa nane usiku
friji ikahema mpaka alfajiri.
Nyamizi akasema: dada, pima upya uchachu,
hicho kipimo chako kina uongo.
Kweli. Kilidanganya kwa nukta nne.

Kuunga, kwa mama, ni karanga ndani ya kisamvu:
moto mdogo, mwiko usiokimbia.
Ikikatika, huirudishi.

Kwa baba, ilikuwa mabehewa, stesheni ya Tabora,
pale reli inapoachana, hii Mwanza, hii Kigoma.
Hakutumia nguvu. Alisikiliza.
"Kuna mlio wa kushikana," alisema, akimega ugali kwa vidole vinne,
"na kuna mlio wa kugusana tu.
Vinafanana mno.
Tofauti utaijulia mbele ya Goweko,
treni ikiwa vipande viwili."

Sina mlio mimi. Ninachokiunga hakionekani.
Nina rangi, nina saa ya ukutani,
nina daftari lenye madoa ya chai.

Nikajifunza hili pia:
kingamwili ina mikono miwili na mguu.
Ukiifunga mikono, kiungo kipo, tena imara,
lakini kijidudu cha malale kitapita mbele yake
nayo ikitazama tu,
kama mlinzi aliyefungwa kamba lindoni.
Ishike mguu. Mikono iache.
Mstari mmoja huu wa shairi
ulinichukua miezi saba.

Mjomba Lugwisha, mrina asali wa msitu wa Ugalla,
husinzia mchana katikati ya neno,
usiku yu macho, anahesabu mizinga isiyokuwapo.
Walimwambia malaria. Wakamwambia amelogwa.
Ningemletea kijikaratasi,
tone la damu, dakika kumi na tano,
mstari mwekundu au hakuna mstari.
Lakini mstari unaosema kweli leo
na Jumatatu ukasema lingine
ni heri mganga, yeye angalau hupiga na ngoma.

Ndiyo maana natia chumvi.
Wenzangu mtaani hutia chumvi hadithi inoge;
mimi naitia ili iharibike,
kama ni ya kuharibika, iharibikie hapa,
mezani pangu, mbele ya Nyamizi,
si mkononi mwa mjomba.

Dakika tano. Kumi.
Nje honi ya treni ya Kigoma, imechelewa kama kawaida.
Nyekundu.

Nimeandika, kwa penseli.
Sasa naosha neli nyingine tatu.