Kielelezo Namba Nne

Siku ya kwanza lilikuwa jekundu,
lina kibandiko kidogo shavuni,
na mimi, karani wa masjala, nikaliandikia risiti:
tufaa moja, limepokelewa, halina dosari.
Nikalifunga kikaratasi kwa uzi wa katani
kama mtoto anayevishwa hirizi,
nikalilaza droo ya chini,
kati ya panga la kesi ya Nanguruwe
na simu tatu zisizo na mwenyewe.

Mwenye tufaa ni Somoe Chinguile, wa Chuno.
Wenzake wamo kontenani, bandarini,
katoni elfu moja na mia moja.
Forodha wanasema bei aliyoitaja ni ndogo mno,
hakuna duniani tufaa la bei hiyo.
Yeye anasema: ankara hii, benki hii, muhuri huu.
Mzigo hautoki, wakamjibu, mpaka turidhike.
Na kontena la baridi hula umeme kwa dola,
limelala, linakula.

Wakili wa serikali akasimama, akaweka joho sawa:
Mheshimiwa, tuna pingamizi la awali.
Shauri hili limebisha mlango usio wake.
Jaji akaandika. Feni ikafunua kurasa
kana kwamba nayo inatafuta kifungu.
Tarehe kumi na nne.

Tarehe kumi na nne jaji yuko Lindi, vikaoni.
Tarehe ishirini na moja kiapo kinzani hakijafika.
Tarehe ishirini na nane umeme umekatika
tangu Shangani hadi Ligula.
Nikivuta droo kutafuta wino
harufu inanitangulia, tamu,
kama sikukuu ya nyumba ya jirani.
Shavu limebonyea. Kibandiko bado kipya.
Sisimizi wamepita tundu la kitasa
bila kuomba kibali.

Jalada nalo linanenepa:
hati, jibu la hati, jibu la jibu.
Nimelibadilishia kamba mara mbili.

Barabara ya bandari imejaa malori ya korosho.
Korosho ina ganda, inaweza kungoja.
"Haki haiozi, mama," wakili wake akamtuliza
pale nje, penye benchi lenye mguu mbovu.
"Haki haiozi, mwanangu.
Mimi nimeleta matunda."

Uamuzi ulisomwa Jumatano, kurasa kumi na tisa.
Pingamizi limetupwa.
Mzigo uachiwe mara moja, kwa dhamana.
Wakili akanishika mkono, akaushika na wa askari.
Somoe aliuliza neno moja tu:
"Upi?"

Nasikia walipofungua ile milango
ilitoka harufu ya uraka, nzito, ya mabibo ya juzi.
Walinzi wakacheka,
halafu mmoja akaona uso wake, wakaacha.
Bili ya kuhifadhi ilikuwa imeshachapwa.

Ijumaa alikuja kuchukua kielelezo,
maana amri ilisema kirudishwe.
Nilikitia bahasha ya kaki; chini ikaloa.
Kwenye fomu kuna mstari:
hali ya kielelezo wakati wa kukabidhiwa.
Miaka kumi na mmoja nimeujaza bila kuwaza,
sawa, sawa, sawa, limevunjika mpini.
Kalamu ikanigomea.

Akainyoosha kutoka vidoleni mwangu, taratibu,
akaandika kwa herufi kubwa zilizoinama,
neno moja, likavuka mstari:
LILINGOJA.